Nani Alimfungulia Yasmin Mlango?

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alinijia jioni moja magharibi ikikaribia, kanga mabegani, kitabu amekishika kwa ncha za vidole viwili. Hodi yake sikuwahi hata kuiitikia. "Mwalimu," akasema akiwa bado kizingitini, "hiki nimekikuta chini ya godoro la binti yangu. Nimesoma kurasa chache tu, mwili wote umenisisimka. Ndiyo mambo mnayowasomesha haya?"

Kitabu kilikuwa Rosa Mistika, nakala ya zamani, jalada limebanduka, kona za kurasa zimekunjwa hapa na pale. Nilimpa kiti, nikammiminia chai, nikamuuliza amefikia wapi. Akaniambia amefika pale baba anapomshushia binti kipigo kwa sababu ya barua ya mvulana. "Na huyo binti naye kajitakia," akaongeza. Nikamwambia, "Dada yangu, ukikichoma leo, mwanao atakisoma kwingine. Kimalize kwanza wewe, kisha njoo tuzungumze."

Alikasirika kidogo, lakini kitabu aliondoka nacho. Haya ninayoandika nayaandika kwa ajili yake, na kwa kila mzazi, mlezi au mwalimu aliyewahi kukuta kitabu chini ya godoro, au wimbo kwenye simu, au filamu ambayo kijana huizima haraka akisikia hatua za mtu mzima. Hadithi za vijana wanaowaasi wakubwa zao ni nyingi, na watoto wetu watazifikia tupende tusipende. Ushauri wangu ni kwamba tuzisome pamoja nao, na tukizisoma tutafute mambo mawili: nani aliufunga mlango wa nyumbani, na mtoto alipojikuta nje, nani alimfungulia wa kwake.

Tuanze na Rosa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, aliitoa riwaya hiyo mwaka 1971, naye bado kijana. Ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Kwa namna ilivyotaja waziwazi mambo ya mwili, ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria, mlevi anayelinda usafi wa binti zake kwa fimbo. Barua moja ya kijana Charles inatosha kumletea kipigo cha kukumbukwa. Kwa hiyo Rosa anakua akijua jambo moja tu kuhusu wavulana: kwamba ni hatari, na kwamba kuwataja nyumbani ni hatari zaidi. Halafu anakwenda shule ya bweni, baadaye chuo cha ualimu, mbali na macho ya baba. Huko fimbo haipo, na nyumbani hakupewa kingine cha kumwongoza. Anayumba, anaanguka, na mwisho wake ni kujitoa uhai. Lakini Kezilahabi haishii kaburini. Anaipeleka kesi hiyo mbele ya Mungu, na swali la nani alaumiwe linamfikia hata mzazi.

Miaka niliyofundisha Kiswahili sekondari, nilikuwa na mazoea ambayo leo yananiuma. Tukimaliza hadithi ya namna hii, nilikuwa nauliza darasa: fundisho ni nini? Mikono ilinyooshwa haraka, kwa kuwa jibu lilijulikana hata kabla ya kitabu kufunguliwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nawapa alama mbili, tunasonga mbele. Mpaka siku moja nilipokuwa nikiwasimulia habari za Rosa, msichana wa kidato cha 3, aliyekuwa akikaa karibu na dirisha na kusema kwa nadra sana, akasimama. "Mwalimu, mbona Rosa alisikia? Alisikia miaka yote. Alimwogopa baba yake mpaka akashindwa kuongea na mtu. Sasa guu limevunjika kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema muda umekwisha, na kwa kweli zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Tangu siku ile nimelitazama neno lenyewe, kusikia. Katika lugha yetu, anayesikia ni anayesikia sauti, na pia ni anayetii. Tukisema "mtoto huyu hasikii" hatuna maana kwamba masikio yana tatizo, tunamaanisha haambiliki. Ni neno zuri, lina busara ya kukumbusha kwamba utii huanza na kusikiliza. Ila tumelitumia kwa upande mmoja tu. Ni mara ngapi umesikia watu wakikaa barazani wakisema, "Baba yule hasikii"? Mtoto wa miaka 15 anayepandisha sauti mara nyingi ameanza kwa sauti ya chini, miezi mingi nyuma, na hakuna aliyegeuka. Usomaji wa pamoja ninaoushauri hapa ni njia mojawapo ya kumrudishia mzazi usikivu bila kumvunjia heshima.

Kitabu cha pili ningekuomba ukitafute ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichochapishwa mwaka 1980. Wasomaji wengi wa Kenya watakikumbuka kwa kuwa kilitahiniwa mashuleni. Humo yumo Bwana Maksuudi, mkubwa wa watu, mwenye mali na maneno ya hadhara, na binti yake Maimuna ambaye amemfungia ndani. Maksuudi ni fundi wa kulinda heshima ya nyumba yake huku mwenyewe akivunja heshima za nyumba za wengine. Maimuna anatoroka, na hapo ndipo nataka msomaji apunguze mwendo. Waliomsaidia kutoka si watu waliompenda. Ni watu wenye kisasi na baba yake, wanaomtumia binti kama jiwe la kumpigia. Mlango unaofuata kufunguka ni wa nyumba ya starehe mjini, ambako msichana asiyejua hata bei ya mkate anageuzwa bidhaa. Mwandishi hakumwua Maimuna, na namshukuru kwa hilo. Lakini alituonyesha wazi kwamba mtoto akifungiwa kabisa, hajui kumtambua mwema na mbaya miongoni mwa wanaomgongea dirisha. Angejuaje? Hajawahi kupewa nafasi ya kumchagua hata rafiki wa kuchota naye maji.

Sasa mweke Maimuna upande mmoja, umweke Yasmin upande wa pili. Yasmin ni wa Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999. Ni msichana wa Kihindi wa Unguja, zama za ukoloni, umri wake miaka 15, anayeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anachukuliwa hadi Mombasa, moyo haupo, anatoroka na kurudi Unguja. Anabisha kwa jamaa zake, na jamaa zake wanamkataa. Ameaibisha. Ukimfikiria hapo alipo, usiku, mji ule ule aliozaliwa, hana pa kulala, unaona kwamba yuko pale pale walipofika Rosa na Maimuna. Tofauti inaletwa na mtu mmoja: Mwajuma, rafiki yake wa Kiswahili, hana mali, mpenda taarabu na starehe, anayeishi katika chumba ambacho hakikuwa na nafasi ya mtu wa pili. Mwajuma anamfungulia. Kutoka chumba kile Yasmin anapata kuijua dunia, anakutana na watu waliokuwa wakipigania uhuru, anajifunza kupenda na kukosea na kuchagua.

Kwa familia isiyopenda kusoma kuna filamu ya riwaya hiyo, ya mwongozaji Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto na baadaye ikapelekwa na Tanzania kugombea tuzo ya Oscar. Itazameni sebuleni pamoja. Kuna mapenzi humo, na wazazi wengine watataka kupeleka mbele kwa rimoti. Kaeni tu. Aibu ya dakika mbili mkiwa pamoja ni nafuu kuliko kijana kutazama peke yake na kubaki na maswali asiyo na wa kumuuliza.

Jambo hili la mlango si la Waswahili peke yao. Mwaka 1955 Marekani ilitoa filamu iitwayo Rebel Without a Cause, yaani muasi asiye na sababu, ambayo iliutangaza uso wa James Dean duniani kote. Yeye mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari mwezi Septemba mwaka huo huo, kabla filamu haijafika kwenye majumba ya sinema. Vijana wa nchi nyingi waliiga koti lake jekundu na namna yake ya kusimama. Wachache walikumbuka kisa chenyewe. Kijana Jim anakamatwa amelewa, anapelekwa kituoni, wazazi wanafika na kuanza kugombana wao kwa wao juu ya kichwa chake. Askari mmoja anayeshughulika na vijana ndiye anayemsikiliza, anamwambia akizidiwa aje amwone wakati wowote. Siku mambo yanapoharibika kweli, mwenzake amekufa kwenye mashindano ya magari na Jim anataka kusema ukweli, anakwenda kituoni kumtafuta yule askari. Hayupo. Kabla ya usiku kwisha, kijana mwingine amepigwa risasi. Filamu inaitwa ya muasi asiye na sababu, lakini kila tukio ndani yake ni sababu. Nimewahi kuwaonyesha wazazi kipande hicho cha kituoni, nikawauliza swali moja tu: mtoto wako akija kukutafuta usiku ule mmoja, utakuwepo?

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya, maana ushauri usio na namna ni maneno tu.

Kwanza, ukikikuta kitabu, kirudishe ulipokikuta, au mwambie kijana kwa sauti ya kawaida kwamba umekiona na wewe unataka kukisoma. Ukikinyang'anya umemfundisha jambo moja: kuficha vizuri zaidi. Kisome mpaka mwisho. Wazazi wengi huhukumu kwa kurasa kumi za mwanzo, na riwaya hizi mwanzoni ndipo mtoto anapoonekana mkorofi. Uzito uko mbele.

Pili, zungumza habari za mtu wa kwenye kitabu, usizungumze habari za mtoto wako. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana neno "yeye" ni pazia zuri. Ukimuuliza kijana, "Na wewe una mvulana?" umeufunga mlango kwa mikono yako. Ukimuuliza, "Hivi Rosa angeweza kumwambia nani?" utashangaa jinsi majina yatakavyoanza kutajwa: angemwambia shangazi, angemwambia mwalimu wa nidhamu, hapana, yule wa nidhamu hapana. Taratibu utajua binti yako ana nani na hana nani. Usimkatize. Usirukie hapo hapo na kusema, "Kumbe na wewe mwalimu wa nidhamu unamwogopa?" Acha Rosa aendelee kuwa Rosa.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: Zakaria alikuwa anaogopa nini? Linafaa kwa baba yeyote wa kwenye riwaya, kwa Maksuudi, kwa ndugu za Yasmin. Nalipenda kwa sababu linamtoa kijana kwenye hasira na kumfanya mtu mzima aonekane naye kuwa binadamu. Na linampa mzazi nafasi ya kusema hofu zake bila kuonekana analalamika. Wengi wetu tunapiga kelele kwa kuwa tunaogopa mimba, tunaogopa dawa za kulevya, tunaogopa maneno ya watu wa mtaa, tunaogopa kufiwa. Mtoto anasikia kelele, hofu haisikii. Mwambie hofu.

Chagua wakati. Usimkalishe kijana kitini ukamkabili uso kwa uso kama mahakamani. Mazungumzo mema huja mkiwa mikono ina kazi na macho yana pengine pa kutazama: mkichambua mchele, mkimenya viazi, mkifua, mkiwa kwenye daladala kuelekea mjini, au umeme ukikatika na nyumba nzima imekaa kibarazani kutafuta upepo. Dakika kumi zinatosha. Akinyamaza, nyamaza naye.

Muziki ni sehemu ngumu zaidi, maana hapo masikio ya wakubwa huchoka haraka. Nairobi, kuanzia mwaka 2018, kundi la Ethic na wimbo wao Lamba Lolo liliwafungulia njia vijana wengi wa mitaani waliokuja kuitwa watu wa gengetone, wakiimba Sheng ambayo wazazi wengi hawaipati vizuri, na walipoipata hawakuipenda. Bongo Fleva nayo ilipoanza wazee waliiita muziki wa wahuni. Leo waliokuwa wakiiimba ni wazazi, na baadhi yao wamekaa bungeni. Sisemi kila wimbo ni mwema. Zipo nyimbo zinazomtukana mwanamke kwa mdundo mtamu, na hilo lisemwe waziwazi. Ila kabla ya kusema "zima uchafu huo", mwombe kijana akutafsirie. Muulize neno hili maana yake nini, na huyu anayeimba anamwambia nani. Kijana anayetafsiri analazimika kuyatamka maneno kwa kinywa chake mbele ya mama yake, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayesema, "Hapa kwa kweli wamezidisha." Hilo likitoka kwake lina nguvu kuliko hotuba yako ya saa nzima.

Muulize na swali la pesa. Uasi mwingine umetengenezwa uuzwe. Koti jekundu la James Dean liliuzwa, na leo zinauzwa simu, viatu, vinywaji na namna ya kunyoa, vyote vikiwa na ahadi kwamba ukivinunua hutawaliwi na mtu. Vijana hawapendi kudanganywa. Wakionyeshwa nani anapata fedha kwa hasira zao, wanaelewa upesi sana.

Sasa kuna uasi wa aina nyingine, na hapa nawasihi wazazi wawe waangalifu wasiutie kwenye kapu moja na ukorofi. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimeitazama Sarafina!, filamu ya mwaka 1992, Leleti Khumalo akiwa ni mwanafunzi wa Soweto na Whoopi Goldberg mwalimu wake wa historia. Nyuma yake kuna tukio la kweli: tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaana, na polisi wakawafyatulia risasi. Tangu mwaka 1991 Afrika nzima huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Kila Juni shule zetu huwapanga watoto kwa mistari, huwapa ngonjera za kukariri na kuwataka wawe watiifu, katika siku ya kuwakumbuka watoto waliokataa kutii. Mwambie mtoto wako kisa hicho chote. Muulize tofauti ya Sarafina anayekataa amri ya dhuluma na kijana anayekataa kuosha vyombo. Ataijua tofauti, nakuhakikishia, na mtacheka. Na akiijua vizuri, atakuwa na kipimo cha kujipima siku nyingine anapotaka kukataa jambo.

Kenya imetupa mfano ulio karibu zaidi. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la taifa la maigizo na mchezo wao Echoes of War, unaohusu kizazi cha vijana na watawala wao. Mchezo ulikuwa umezuiwa, mahakama ikaamuru waruhusiwe kuucheza. Walipofika jukwaani bila mwandishi wao, aliyekuwa amezuiliwa na polisi, na bila vifaa vyao, waliimba wimbo wa taifa, wakageuka, wakaondoka. Nje kukawa na mabomu ya machozi. Shule hiyo hiyo, mwaka 2013, ilikuwa na mchezo mwingine uliozuiwa, Shackles of Doom, na wakati huo pia mahakama iliingilia kati. Unaweza kuukubali mchezo wenyewe au kuukataa. Mimi ninachokiona ni wasichana waliokataa kwa adabu kubwa, na wakajua kwamba wimbo wa taifa ni wao pia. Adabu na kukataa vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Kijana aliyefundishwa hivyo nyumbani hatahitaji kuvunja vioo ili asikike.

Nirudi kwa Mwajuma. Pwani yetu ilikuwa na hekima ambayo tumeiachia iende: somo, au kungwi. Msichana aliyevunja ungo hakuachiwa mama yake peke yake. Alipewa mwanamke mwingine, anayeaminiwa na nyumba lakini si wa nyumba ile, wa kumweleza mambo ya mwili, usafi, ndoa na siri. Wazee walikuwa wamejua kwamba yapo maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia aliyemzaa, na mzazi hawezi kumwambia mtoto, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Hata utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama mzaliwa wa Pate aliuandika mgonjwa akimuusia binti yake karne ya 19, unatupa sauti ya mama peke yake. Binti hatumsikii akijibu. Alikuwa na la kujibu, bila shaka, na nafikiri kulikuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Kwa hiyo mtafutie mwanao mtu wa tatu, wa kike au wa kiume. Mtaje kwa jina. Mwambie: "Ikitokea jambo huwezi kuniambia mimi, nenda kwa shangazi yako, nimeshaongea naye, na sitamuuliza ulichomwambia." Kisha usimuulize kweli. Mchague kwa uangalifu, mtu ambaye mwenyewe ungemwachia siri yako, asiye na kinyongo na wewe, na asiyependa kukaa na watoto gizani au kuwapa zawadi za kuficha. Waliomtoa Maimuna nyumbani nao walijifanya wasaidizi wake. Mtoto asiyechaguliwa mtu wa tatu na wazazi wake atachaguliwa na mtaa.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri mchele uchambuliwe. Rosa alijiua. Kijana akikuambia anamwelewa Rosa kwa hilo, au akaanza kugawa vitu vyake, kujitenga, kusema nyumba ingekuwa na amani bila yeye, basi weka kitabu kando na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa ruhusa ya kulitua. Usimhubirie, usimwambie ana dhambi, usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu za shambani mahali anapoweza kuzifikia. Mpeleke kituo cha afya. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Na walimu wenzangu, nawaomba tuache kuuliza fundisho kana kwamba riwaya ni methali iliyorefushwa. Tuwaulize wanafunzi waandike ukurasa ambao mwandishi hakuuandika: usiku ule Zakaria, pombe imemtoka, anaisoma tena ile barua. Au Yasmin anamwandikia mama yake kutoka chumbani kwa Mwajuma. S. E. Hinton wa Marekani alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15, kwa sababu hakuona kitabu kilichowaeleza vijana aliosoma nao kama walivyokuwa. Kilichapishwa mwaka 1967 na bado kinasomwa. Tuna wasichana na wavulana wa umri huo katika kila darasa, wana ya kusema, na daftari lina kurasa tupu nyuma.

Yule jirani yangu alirudi baada ya wiki tatu. Safari hii alisubiri hodi iitikiwe. Alikuwa amemaliza. Aliniambia walikuwa wawili jikoni, yeye na binti yake, ungo katikati, wakichambua mchele wa usiku, akamuuliza lile swali langu: Zakaria alikuwa anaogopa nini? Binti akakaa kimya kitambo, akitoa chuya moja moja, kisha akasema, "Watu. Alikuwa anaogopa watu." Mama mtu akajikuta anamsimulia jinsi baba yake mwenyewe alivyowahi kulichoma daftari lake lote la hesabu kwa kuwa nyuma kulikuwa kumeandikwa jina la mvulana. Mikono ya binti ikasimama juu ya ungo. "Mama, hujawahi kuniambia hilo." Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Siku chache baadaye alimtuma kitinda mimba wake kuja kuniuliza kama ninayo Vuta N'kuvute. Ninayo moja, nimeiandikaandika pembeni kwa wino mwekundu tangu enzi za kufundisha. Nilimpa, nikamwambia akamwambie mama yake kwamba pale Yasmin anapofika kwa Mwajuma nimekunja kona.